Mguu wa Msafiri: Utambuzi wa Maradhi ya Miguu na Viungo, na Haki ya Kupumzika Njiani, katika Ngara na Biharamulo tangu 1861

1.0 Utangulizi

Historia ya safari katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata bidhaa, watawala na mipaka. Mguu uliowabeba wasafiri haujapewa nafasi kubwa, ingawa kwa muda mrefu ndio uliokuwa chombo pekee cha usafiri katika nchi iliyo kati ya Ziwa Viktoria na mito ya Ruvubu na Kagera. Insha hii inachunguza jinsi maradhi ya miguu na viungo yalivyotambuliwa na kutunzwa njiani katika eneo ambalo leo ni wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, tangu msafara wa Speke na Grant wa mwaka 1861 hadi zama za barabara ya lami.

Maradhi yanayohusika ni ya aina nyingi. Jongo, ambalo siku hizi wengi huliita gauti, ni uvimbe mkali wa kiungo unaotokana na fuwele za asidi ya yuriki, na ndilo lililo kiini cha sehemu ya mwisho ya insha. Hata hivyo, jongo haliwezi kueleweka peke yake. Msafiri anayeamka usiku akiwa na mguu uliovimba, wenye moto na usiokanyagika, hana jina la ugonjwa. Ana mguu tu. Kazi ya kutofautisha jongo na kidonda, tekenya, homa ya papasi au usaha ndani ya kiungo imefanywa na watu wengi kwa nyakati mbalimbali: wenyeji, waganga, wakalimani, wapagazi na madaktari.

Hoja kuu ni kwamba katika njia hii kutambua ugonjwa na kupata nafasi ya kupumzika yalikuwa mambo mawili tofauti, na mara nyingi la pili ndilo lililoamua hatima ya mgonjwa. Walikuwapo waliotambua ugonjwa bila kuweza kuutibu, na walikuwapo waliopona bila ugonjwa wao kupata jina. Lakini aliyelazimika kuendelea kutembea kwa mguu mgonjwa aliumia zaidi, awe amejua ugonjwa wake au la.

2.0 Kuugua na kusimama: Uzinza na Usui, 1861

Eneo linalozungumziwa lilijulikana kwa wafanyabiashara wa karne ya 19 kwa majina ya Uzinza na Usui. Usui ni matamshi ya watu wa misafara kwa nchi ya Wasubi, ambayo sehemu yake kubwa imo katika Biharamulo ya leo. Magharibi yake zilikuwa nchi za Bushubi na Bugufi, ambazo sasa ni Ngara. Kaskazini ilikuwa Karagwe. Msafara uliotoka Kazeh, karibu na Tabora, ukielekea Karagwe na Buganda, haukuweza kukwepa Uzinza na Usui, na watawala wa nchi hizo walilijua jambo hilo vizuri.

John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita hapo mwaka 1861. Katikati ya mwaka huo Speke aliugua sana akiwa Uzinza, katika himaya ya mtawala aitwaye Lumeresi. Kifua kilimbana, kikohozi kilimchosha, na kwa wiki nyingi hakuweza kusafiri. Lumeresi alimpokea katika boma lake, lakini mapokezi hayo yalikuwa na gharama yake. Hongo ilidaiwa kwa hatua, na miongoni mwa vilivyotakiwa ilikuwa deuli, kitambaa cha hariri ambacho Speke alikuwa amekiweka kwa ajili ya Rumanika wa Karagwe. Mwishoni deuli ikatolewa. Baadaye, huko Usui, msafara ulizuiliwa tena hadi mtawala Suwarora aliporidhika na nyaya na nguo alizopewa.

Wasafiri wa Ulaya waliyaandika mambo haya kama udhia na unyang'anyi. Yakitazamwa kwa upande wa wenyeji, maana yake hubadilika. Mgeni aliyesimama alikula chakula cha watu, alitumia maji na kuni zao, na akiugua alihitaji nyumba. Hongo ilikuwa malipo ya njia, na pia ya kusimama. Kwa hiyo tangu mwanzo mapumziko ya mgonjwa katika nchi hii yalikuwa suala la siasa na mali kabla ya kuwa suala la tiba. Aliyekuwa na deuli aliweza kuugua kwa wiki nyingi na bado akaondoka akiwa kiongozi wa msafara.

Mpagazi hakuwa na deuli. Alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, na ujira wake ulitegemea kufika. Mguu wake ukivimba, mzigo uligawanywa kwa wenzake au ulitafutiwa mtu mwingine, naye aliachwa kijijini akiwa na bahati, au njiani akiwa hana. Vitabu vya wasafiri vina kurasa nyingi juu ya maradhi ya wenye misafara, lakini juu ya wapagazi wagonjwa mara nyingi vina hesabu tu: wangapi wametoroka, wangapi wameachwa, wangapi wamekufa. Tofauti hiyo ya kumbukumbu ni sehemu ya historia yenyewe.

3.0 Mguu wa Grant: Karagwe, Desemba 1861 hadi Aprili 1862

Baada ya Usui, msafara uliingia Karagwe mwezi Novemba 1861 na kupokewa kwa ukarimu na Omukama Rumanika. Karagwe iko nje kidogo ya eneo la utafiti, lakini kilichotokea huko ndicho kielelezo kilichoandikwa kwa undani zaidi cha mguu mgonjwa katika njia hii yote, na kwa hiyo hakiwezi kuachwa.

Mwezi Desemba mguu wa kulia wa Grant ulianza kuvimba kuanzia juu ya goti. Katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1864 anaeleza maumivu makali ya mwezi mzima, ambayo yalipungua kwa muda tu mguu ulipopasuliwa na usaha kutoka. Kwa miezi mitatu majipu yaliendelea kutunga. Goti lilikakamaa na kupinda, na kutembea kukawa hakuwezekani. Speke aliondoka kwenda Buganda mwezi Januari 1862, na Grant akabaki.

Maelezo ya Grant yana thamani kubwa kwa sababu yanaonyesha mjadala wa utambuzi uliokuwa ukiendelea kando ya kitanda chake. Bombay, mkalimani na kiongozi wa wapagazi, alileta habari ya dawa ya kubandika iliyotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwa. Ikawekwa ikiwa ya moto, nayo ikabana mguu kama bendeji tu. Baraka, mkalimani mwingine, alikuwa na hakika kwamba nyoka ameutemea mguu mate. Nnanaji, ndugu yake Rumanika, alisema kwamba anaufahamu vizuri ugonjwa huo, akatuma mganga wa Kinyambo aliyefuatana na mkewe. Mganga aliukagua mguu kwa mkono mwepesi, akachanja chale, akawatoa nje watazamaji, kisha dawa nyeusi iliyofungwa katika jani la mgomba ikasuguliwa katika chale hizo. Kipande cha jiwe la volkano kilifungwa kifundoni kama hirizi.

Hakuna hata tiba moja kati ya hizo iliyoleta nafuu ya kuonekana. Ugonjwa ulikwisha wenyewe kufikia mwezi wa tano. Tarehe 14 Aprili 1862 Grant aliondoka Karagwe akiwa amebebwa kwa machela, akafika Buganda mwishoni mwa Mei.

Wataalamu wa baadaye wameyasoma maelezo haya na kupendekeza kwamba huenda Grant aliugua kidonda cha Buruli, maradhi ya bakteria ambayo Albert Cook aliyaona kwa wagonjwa wa Hospitali ya Mengo mwaka 1897 na ambayo yalipata jina kutokana na eneo la Buruli nchini Uganda. Hukumu hiyo haiwezi kuthibitishwa tena. Jambo moja, hata hivyo, ni dhahiri: halikuwa jongo. Shambulio la jongo huanza ghafla, hufikia kilele chake kabla ya saa 24 kupita, na kwa kawaida hutulia katika wiki moja au mbili hata lisipotibiwa. Ugonjwa unaojenga usaha kwa miezi mitatu ni wa jamii nyingine kabisa. Muda, kwa hiyo, ni mojawapo ya vipimo vya kwanza vya utambuzi, na ni kipimo kisichohitaji maabara.

Mafunzo ya kisa hiki ni mawili. Kwanza, utambuzi haukukosekana. Nnanaji alidai kuujua ugonjwa, na hakuna sababu ya kumdharau; aliishi katika nchi ambamo ugonjwa huo huenda ulionekana mara kwa mara. Kilichokosekana ni tiba, na wakati huo hata hospitali za Ulaya hazikuwa na dawa ya kuua bakteria. Pili, kilichomwokoa Grant ni nyumba, chakula, ulinzi na miezi mitano ya kutotembea, vyote vikiwa vimetolewa na mwenyeji wake. Mpagazi mwenye mguu kama huo katika njia hiyohiyo asingepata hata mojawapo kwa hakika.

4.0 Tekenya: ugonjwa uliotangulia maarifa yake

Miaka 30 baadaye njia ileile ilishuhudia hali iliyo kinyume. Tekenya, kiroboto anayejichimbia katika ngozi ya mguu, alivuka bahari kutoka Amerika na kuingia pwani ya Angola mwaka 1872. Akafuata njia za misafara kuelekea mashariki, akibebwa katika miguu ya wapagazi na askari, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1890 alikuwa amefika nchi za Ziwa Viktoria.

Oscar Baumann, mtafiti kutoka Austria aliyepita kusini mwa ziwa na kuingia Urundi mwaka 1892, alieleza hali ya kutisha aliyoikuta Uzinza: watu ambao viungo vyao vilikuwa vimeoza, na vijiji vizima vilivyokwisha kwa sababu ya mdudu huyo. Maelezo ya aina hii yahitaji kusomwa kwa tahadhari, kwa kuwa miaka hiyohiyo eneo la maziwa lilikuwa limepigwa pia na sotoka iliyoua ng'ombe, na njaa na ndui vikafuata. Mwili uliodhoofishwa na njaa hauwezi kupigana na vidonda. Hata hivyo, taratibu za uharibifu zinaeleweka. Tekenya akiachwa, hukua ndani ya ngozi pamoja na mayai yake. Kidonda huingia vijidudu vingine. Vidole huoza au kuanguka. Na pepopunda yaweza kufuata.

Jambo la kihistoria ni kwamba tekenya ni mmoja wa wadudu ambao madhara yao hupungua sana pindi wanapotambuliwa mapema. Mwasho mdogo pembeni mwa ukucha, doa jeusi katikati ya uvimbe mweupe, kisha mwiba au sindano safi ya kumtolea nje akiwa mzima: maarifa hayo ndiyo yaliyotakiwa, nayo hayahitaji daktari. Wakazi wa Uzinza wa mwaka 1892 hawakuwa wazembe. Walikabiliwa na ugonjwa ambao wazazi wao hawakuuona. Katika miaka iliyofuata ustadi wa kutoa tekenya ulienea na kuwa kazi ya kawaida ya jioni nyumbani, hasa mikononi mwa wanawake na watoto. Mdudu na maarifa vilipita katika njia moja, lakini mdudu alitangulia, na kipindi cha katikati kililipiwa kwa vidole vya watu.

5.0 Kambi, papasi na watembea kwa miguu, 1905–1950

Utawala wa Wajerumani uliigeuza Biharamulo kuwa kituo chenye boma, ambalo jengo lake lipo hadi leo. Misafara ikawa ya serikali, na kambi za njiani zikawa za kudumu. Kudumu huko kulileta tatizo lake. Mwaka 1905 Robert Koch, akifanya utafiti katika njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, alionyesha kwamba homa inayorudirudi husambazwa na papasi waishio katika sakafu na kuta za vibanda vya kulala wasafiri. Mwaka huohuo Dutton na Todd walifikia matokeo ya namna hiyo nchini Kongo.

Homa hiyo huja na maumivu makali ya kichwa, misuli na viungo. Hutulia kwa siku kadhaa, kisha hurudi. Msafiri aliyelala katika kibanda chenye papasi aliweza kuanza kuumwa viungo akiwa ameshafika mbali, bila kuhusisha maumivu na usiku ule. Koch alitambua pia kwamba wakazi wa vijiji vyenye papasi walikuwa na kinga waliyoipata tangu utotoni, ilhali wageni waliangushwa vibaya. Ushauri uliotokana na matokeo hayo ulikuwa rahisi: kutolala katika vibanda vya zamani, na kuweka hema mbali navyo. Kwa mwenye hema ulikuwa ushauri mzuri. Kwa mpagazi, ambaye kibanda ndicho kilichomkinga na mvua, haukuwa na njia ya kutekelezwa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Bugufi, ambayo hapo awali ilihesabiwa upande wa Urundi, iliwekwa chini ya utawala wa Waingereza pamoja na Biharamulo. Kipindi hicho wasafiri wakubwa wa njia hii walikuwa watafutakazi. Maelfu kutoka Urundi, pamoja na wenyeji wa Bugufi, walitembea kuelekea kaskazini, wakavuka mto Kagera kwa kivuko cha Kyaka na kuingia Buganda kulima kahawa na pamba za watu. Utafiti ulioongozwa na Audrey Richards na kuchapishwa mwaka 1954 umeeleza uhamaji huo kwa kina. Walitembea kwa siku nyingi wakiwa na chakula kidogo, na walikuwa na kila sababu ya kutosimama: kila siku ya mapumziko ilikula akiba ya njiani kabla ya mshahara wa kwanza. Vidonda vya miguu vilikuwa miongoni mwa maradhi ya kawaida ya vibarua katika makoloni yote ya eneo hili. Kidonda kidogo cha mwiba, kikitembelewa wiki mbili katika vumbi na matope, huwa donda ndugu. Kikipumzishwa na kuoshwa, mara nyingi hupona.

6.0 Jongo katika kumbukumbu na nje yake

Katika habari zote zilizotajwa, jongo halionekani. Maandishi ya tiba ya enzi ya ukoloni kwa jumla yaliliona kuwa adimu miongoni mwa Waafrika, na liliendelea kuhesabiwa kuwa ugonjwa wa matajiri wa Ulaya, wa nyama na mvinyo. Kwa sehemu hali hiyo yaelezeka: chakula cha wengi kilikuwa ndizi, maharage, mtama na muhogo, nyama ilikuwa ya nadra, na watu wanene walikuwa wachache. Lakini uadimu katika daftari la hospitali si lazima uwe uadimu katika nchi. Mwenye maumivu yanayotulia yenyewe baada ya siku kumi hakuwa na sababu ya kutembea siku tatu kwenda kwa daktari. Na aliyefika alikuwa tayari amepona, au aliandikwa kuwa na baridi yabisi.

Sayansi ya jongo yenyewe ilikomaa polepole. Leeuwenhoek aliona fuwele zake kwa hadubini mwaka 1679. Alfred Garrod alionyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wagonjwa ina asidi ya yuriki nyingi. Ilipofika mwaka 1961, miaka 100 baada ya msafara wa Speke na Grant kupita Usui, McCarty na Hollander walithibitisha kwamba fuwele zilizomo katika maji ya kiungo ni za chumvi ya asidi hiyo. Dawa ya alopurinoli, inayopunguza asidi ya yuriki mwilini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1966. Kolichisini ni ya kale zaidi; mmea unaoitoa ulitumiwa kutibu viungo tangu zama za matabibu wa Bizanti na kuendelezwa katika tiba ya Waarabu.

Kipimo cha maji ya kiungo kwa hadubini maalumu bado si cha kawaida katika zahanati za vijijini, kwa hiyo utambuzi hutegemea historia na macho. Kiungo kinachoshambuliwa kwanza mara nyingi ni kile cha chini ya kidole gumba cha mguu. Vingine ni kifundo na goti. Maumivu huanza ghafla, mara nyingi usiku, na ngozi huwa nyekundu au yenye kung'aa, yenye joto na isiyovumilia hata shuka. Kipimo cha damu chaweza kupotosha, kwa kuwa wakati wa shambulio asidi ya yuriki huweza kuonekana ya kawaida. Mambo yanayochochea shambulio ni yale ambayo safari huyaleta pamoja: kukosa maji, pombe, hasa bia, nyama nyingi kwa mkupuo, kujigonga mguu, na kubadili au kuacha dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo, na pirazinamidi inayotumika kutibu kifua kikuu, hupandisha asidi ya yuriki. Mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake, bali kumweleza mhudumu wa afya.

Matunzo ya njiani yanafahamika: kupumzisha na kuinua mguu, kuukanda kwa kitu cha baridi, kunywa maji, kuacha pombe, na kuanza mapema dawa ya kupunguza uvimbe ambayo daktari ameshaikubali kwa mgonjwa huyo. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki zina hatari kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu, na kolichisini ikizidishwa ni sumu. Mwenye kutumia alopurinoli haiachi kwa sababu ya shambulio. Na kuna alama zinazobatilisha dhana ya jongo hadi ithibitishwe vinginevyo: homa kali, baridi ya kutetemeka, jeraha karibu na kiungo, au hali inayozidi kuharibika. Usaha ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache. Kwa kijana wa Kanda ya Ziwa, ambako selimundu ni nyingi, maumivu makali ya ghafla ya mifupa na viungo yahitaji kufikiriwa kwa njia hiyo kabla ya jongo.

7.0 Barabara ya lami na msafiri asiyeweza kusimama

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 170,000 na 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Huduma za dharura zililenga yale yauayo umati kwa haraka, yaani kuhara, surua, malaria na utapiamlo, na ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini katika umati huo walikuwamo wazee wenye viungo vilivyovimba, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu, waliotembea kwa kuwa hapakuwa na namna ya kutotembea. Msafiri wa 1994 alikuwa karibu na mpagazi wa 1861 kuliko Grant: hakuchagua mahali pa kusimama.

Leo Rusumo na Kabanga ni vituo vya mpakani, na malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita Nyakanazi na Lusahunga usiku na mchana. Dereva wa masafa marefu ana mazingira yote yanayochochea jongo: kukaa kwa saa nyingi, kunywa maji kidogo ili asisimame mara kwa mara, nyama choma na bia mwisho wa siku. Ana pia muda wa kufikisha mzigo, ambao ndio frasila zake. Mguu wa kulia uliovimba ndio ukanyagao breki, na hatari yake haibaki kwake peke yake.

Eneo hili limetoa pia onyo la upande mwingine. Mwezi Januari 2025 mlipuko wa virusi vya Marburg ulitangazwa wilayani Biharamulo. Ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, baada ya wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa, wote wakiwa wamefariki. Dalili za mwanzo za ugonjwa huo ni homa ya ghafla, maumivu ya kichwa, misuli na mwili, udhaifu. Dalili ambazo mtu aliyezoea maumivu yake huweza kuzipuuza. Kujua jongo vizuri, basi, ni pamoja na kujua lisilokuwa jongo. Mgonjwa wa jongo aliye na kiungo kimoja chenye moto kwa kawaida hubaki na mwili ulio timamu. Mwenye homa na maumivu ya mwili mzima katika njia hii anastahili kituo cha afya mara moja, wala hastahili kidonge cha dukani na kiti katika basi linalofuata.

8.0 Hitimisho

Kisa cha Grant kinaonyesha utambuzi wa wenyeji bila tiba, pamoja na mapumziko yaliyotosha kuokoa maisha. Kisa cha tekenya kinaonyesha madhara ya kukosa utambuzi ambao, ulipopatikana, ulikuwa rahisi. Papasi na vidonda vya watafutakazi vinaonyesha ushauri sahihi uliowashinda waliouhitaji zaidi, kwa kuwa hawakuwa na hema wala siku ya ziada. Jongo la leo linayaunganisha yote: linatambulika, lina dawa, na bado shambulio lake hutegemea kama msafiri anaweza kusimama.

Watawala wa Uzinza na Usui waliuza nafasi ya kusimama kwa deuli na nyaya. Rumanika aliitoa kwa ukarimu. Dola za kikoloni zilijenga kambi, lakini zilihesabu siku za kazi. Swali linalobaki kwa historia ya afya ya Ngara na Biharamulo ni nani anayelipa gharama ya mapumziko ya msafiri mgonjwa leo: mwajiri wa dereva, hospitali ya wilaya, jamaa wa njiani, au mguu wenyewe. Katika sehemu kubwa ya kipindi kilichochunguzwa, mguu ndio uliolipa.